Shamba Ambalo Mama Hedwiga Hakulichimba

Wewe ulimpigia nani kura?

Usinijibu. Kura ni yako, na hakuna mtu mwenye haki ya kukuuliza. Mwezi wa pili, chama kiliponituma Matiri, jambo hilo nililijua kama mtu anavyojua somo la darasani, basi. Nilipanda mlima na fomu zaidi ya mia mbili ndani ya begi, kila moja ikiwa na swali hilo juu kabisa, nikiwa nimekusudia kumuuliza kila mwanachama, mmoja mmoja, huku namtazama usoni.

Chama chetu kinaitwa Nguzo. Sisi ni wapinzani, lakini si wa aina ile inayotaka kila kitu kianze upya. Tunasema yapo mambo tuliyopokea kwa wazazi ambayo hayapaswi kutupwa. Ardhi isiuzwe kwa mgeni mwenye haraka. Ushirika wa kahawa ubaki mikononi mwa wakulima. Ndoa iheshimiwe, mkubwa aamkiwe, Jumapili iwe Jumapili. Nilijiunga nikiwa chuoni, wenzangu wakinicheka kwamba nimezeeka kabla ya wakati. Mambo hayo nayaamini hadi leo, na ndiyo sababu naandika haya.

Kwa miaka kumi na mitano tulishika kitongoji kimoja cha Matiri ambacho chama tawala hakikukiweza. Katika uchaguzi uliopita wa serikali za mitaa tukakipoteza. Tulikuwa na wanachama mia mbili na kumi na wanne wenye kadi. Kura tulizopata ni mia moja thelathini na moja. Hatukuibiwa. Mawakala wetu walikuwa ndani, waliona kila karatasi ikifunuliwa, wakasaini. Watu wetu wenyewe walikwenda kupiga kura na kadi zetu mfukoni, wakaweka alama kwingine.

Mwenyekiti wetu wa wilaya, Mzee Florian Kapinga, mwalimu mstaafu ambaye hadi sasa akizungumza hushika kalamu kama chaki, alituita ofisini Mbinga. Alisema chama hakiwezi kusimama tena huku waliokiangusha wamo ndani. Tuanze na Matiri, tuwatafute waliokwenda kinyume, tuwafute, tubaki wachache lakini wa kweli. Nilipiga makofi kuliko wote. Akaniongezea agizo la pili: mwenyekiti wa tawi, Mama Hedwiga Ndunguru, nimpime. Kama hakuwajua watu wake, aache nafasi.

Nilifika kwake saa nne asubuhi kwa bodaboda, nimetapakaa tope. Nikamwamkia. Akaitika marahaba huku akinipangusa bega kwa upindo wa khanga, kana kwamba ndiyo kwanza natoka shule. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, anayekaribia miaka sitini. Wengi humwita Mama Vitalia, kwa jina la binti yake wa kwanza ambaye ni muuguzi Songea.

Si mzaliwa wa milimani. Alizaliwa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, katika familia ya Waanglikana, baba mvuvi na mama mkulima wa mihogo. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa akipanda na magunia ya usipa, dagaa wa ziwa lile, kuuza sokoni Mbinga. Huko ndiko alikoonana na Erasmo Ndunguru, mkulima wa kahawa, ambaye alinunua usipa Jumamosi tatu mfululizo. Jumamosi ya nne Erasmo alimwambia kwamba nyumbani usipa umejaa hadi paka wamekinai, sasa anamtaka muuzaji. Mama Hedwiga alinisimulia hayo huku akichambua maharage, na alicheka kidogo tu, kwa sababu Erasmo alikufa miaka minne iliyopita.

Aliolewa, akaingia Ukatoliki wa mumewe, akaanza kujifunza kulima upya. Mama mkwe wake, Mektilda, ndiye aliyemfundisha ngolo.

“Kwetu ziwani tunachomeka mhogo kwenye mchanga, basi,” aliniambia. “Huku nikakuta watu wanaulima mlima kama wanasuka mkeka.”

Asiyeijua ngolo nimweleze. Mwanamume hufyeka nyasi kwa nyengo, panga fupi lenye ncha iliyopinda, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima unakuwa vyumba vyumba. Mwanamke huja na jembe, huchimba katikati ya kila chumba na kuufunika ule mstari wa nyasi kwa udongo. Shimo linabaki katikati. Mvua ikinyesha maji hukaa humo na udongo hauendi bondeni. Juu ya matuta hupandwa maharage mwezi wa tatu, na msimu unaofuata mahindi. Wamatengo wamelima hivyo tangu enzi za mababu, na milima yao haijaporomoka. Mimi ni mtoto wa kazi hiyo na bado kuna jambo moja sikuwahi kulifikiria: hakuna anayechimba nje ya mistari ya nyasi. Aliyelaza nyasi ndiye aliyesema shamba linaanzia wapi na kuishia wapi. Anayechimba amekubali.

Hedwiga alichimba vibaya miaka miwili, wanawake wakaja kutazama mashimo yake kama watu wanaotazama ajali. Mwaka wa tatu waliacha kuja. Mwaka wa kumi walimwita yeye awafundishe wakwe zao.

Nguzo alijiunga nayo kabla mimi sijamaliza shule ya msingi. Mpwa mmoja wa ukoo alikuwa amemuuzia mtu wa mbali mteremko wenye chemchemi, na mnunuzi akaizungushia uzio. Katika mkutano wa kijiji wanaume walizungumza kwa mafumbo. Hedwiga, mwanamke wa kuja, alisimama akasema wazi kwamba maji hayo Mektilda aliyateka na mama yake Mektilda aliyateka, na kwamba yeye hatoki pale hadi uzio ung’olewe. Uzio uling’olewa. Chama kilipofika mwaka uliofuata kikihubiri kwamba ardhi isiuzwe, kilikuta kimeshahubiriwa. Kadi ya kwanza ya kata ile ni yake. Erasmo alimcheka wiki nzima, kisha akachukua kadi ya pili.

Huyo ndiye niliyetumwa kumpima.

Siku ile ya kwanza niliona jambo nikalipita. Miteremko yote iliyozunguka nyumba yake ilikuwa imeshachimbwa, mashimo yamejipanga safi na maji ya mvua yanang’aa ndani. Mteremko wake tu ulikuwa na nyasi zilizolazwa, zimekauka, na magugu mapya yamechomoza katikati yake. Siku za kupanda maharage zilikuwa zimekaribia. Nilimuuliza kulikoni, akasema mgongo. Nikaamini, kwa sababu nilikuwa na haraka ya fomu zangu.

Kwa siku tatu, nikilala kwa Mama Hedwiga, nilipita nyumba hadi nyumba. Wanaume walijibu upesi na kwa hasira kwamba walipigia Nguzo, na wengi walinitajia jirani wa kumshuku. Wanawake walijibu “Nguzo” wakitazama sufuria. Bibi mmoja, Kalista, ambaye hana meno ya mbele na hajali, alishika fomu juu chini akaitazama kwa muda mrefu.

“Mjukuu wangu,” alisema, “hata padri kwenye kitubio haniulizi namna hii. Yeye anasubiri niseme mwenyewe.”

Nilicheka naye. Sikuondoka na jibu.

Jumamosi alasiri tulifanya mkutano wa tawi uani kwa Mama Hedwiga, kati ya vichanja vya kuanikia kahawa ambavyo msimu ule vilikuwa vitupu. Walikuja watu kama sitini. Bendera ya bluu ilikuwa kwenye mwanzi wake, na mhuri wa tawi mezani. Mama Hedwiga alikaa upande mmoja wa meza, na upande wa pili alikaa katibu wa tawi, Jastini, mdogo wake marehemu Erasmo. Jastini ni mtu wa kazi, mnyoofu, ana watoto wa kiume watano na shamba lisilowatosha. Tangu kaka yake afe, yeye ndiye aliyekuwa akimlazia shemeji yake nyasi kila mwaka, kama desturi inavyotaka, bila kuombwa na bila kudai shukrani.

Nilisoma hesabu ya kura. Nikasema kwa sauti ambayo leo nikiikumbuka naona haya, kwamba wamo humu waliotuuza. Jastini akasimama akaunga mkono. Akapendekeza iletwe Biblia, kila mwenye kadi aweke mkono na kuapa alimpigia nani, na asiyetaka arudishe kadi. Nikasema ni wazo jema, kwani asiye na la kuficha hana la kuogopa.

Mama Hedwiga aliinuka akaingia ndani. Sote tulidhani amefuata Biblia. Alipotoka alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na nilipoiona niliijua, kwa kuwa niliiandika mimi na jina langu lilikuwa chini yake. Ilikuwa ilani yetu ya uchaguzi, kurasa mbili, iliyopitishwa na mkutano wa wilaya kwa mikono yote juu. Akanipa.

“Soma cha saba, mwanangu. Macho yangu hayaoni vizuri.”

Nikasoma kipengele cha saba: ardhi ya marehemu irudi chini ya usimamizi wa ukoo wake, ili isije ikapotea. Nilikiandika kwa fahari. Nilikuwa nawafikiria wanunuzi wanaotoka mijini na mabulungutu, na vijana wanaouza urithi kwa wiki moja ya anasa.

“Ukoo wangu mimi uko wapi?” aliniuliza.

Nikamjibu kwamba ni huu, wa Ndunguru, alikoolewa. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mkeka walicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kalista akasema nimuulize Jastini.

Jastini aliinamisha kichwa. Mama Hedwiga ndiye aliyeeleza, polepole, kama mtu anayeonyesha njia. Mwezi wa kumi, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa sababu ni mwenyekiti, aliwasomea watu ilani hii kwenye ua huu. Alipofika cha saba alisikia wanawake wananyamaza. Alisoma hadi mwisho. Wiki iliyofuata Jastini alikuja na kamba ya katani na vigingi, akapima shamba la Erasmo kutoka kwenye chemchemi hadi kwenye kahawa yake mwenyewe, akasema si yeye, ni chama kimesema. Wajane wengine wanne wa kitongoji walipimiwa vivyo hivyo mwezi ule ule. Januari Jastini alikuja kulaza nyasi kama kila mwaka. Lakini safari hii mistari haikuishia kwenye kijia alichokiacha Erasmo kuwa mpaka. Ilikivuka kile kijia ikaungana na mistari ya Jastini, miteremko miwili ikawa shamba moja.

Ndipo nilipouona tena ule mteremko wenye nyasi kavu. Akiingia na jembe ndani ya mistari ile, kitongoji kizima ni shahidi kwamba amekubali. Asipochimba, hana maharage mwaka huu wala mahindi mwaka ujao, na shamba la Mmatengo asiyelilima halichukui muda kuitwa pori. Najua sheria ya nchi inamlinda mjane. Lakini mahakama iko Mbinga, na nyasi zimelazwa mlangoni kwake. Akishindwa, kilichobaki ni kurudi Liuli, kwenye nyumba ya kaka yake, kuuza usipa akiwa na miaka sitini.

“Kura yangu sikuwapa,” alisema. “Mimi, mwenyekiti wenu. Mwanangu, chukua fomu yako, andika jina langu liwe la kwanza. Wengine usiwasumbue.”

Jastini alisema kwa sauti ya chini:

“Shemeji, umetuaibisha mbele ya mgeni.”

“Shemeji, huyo mgeni ndiye aliyekuandikia.”

Kisha alivuta mwanzi, akaivua bendera, akaikunja na kuiweka mezani karibu na mhuri. Alisema haichukii Nguzo. Ardhi isiuzwe, yeye alisema kabla chama hakijajua njia ya Matiri, na bado anasema. Ila hawezi kusimama akawaambia wanawake walinde mlima ambao kesho wataambiwa ni wageni juu yake. Tukitaka mwenyekiti mwingine, mhuri ule pale.

Kalista alijiinua kwa kushikilia kichanja, akaenda kusimama karibu naye. Wakafuata wajane, kisha wake za watu, mmoja mmoja, hadi mkeka ukabaki mtupu isipokuwa sehemu alipokaa Gaudiosa, mke wa Jastini, aliyekuwa ameinama anavuta nyuzi za mkeka.

Nilisimama kwa sababu sikuweza tena kukaa. Niliwaambia kwamba kipengele cha saba nilikiandika mimi, chumbani Mbinga, na kwamba kabla ya kukiandika sikumuuliza hata mwanamke mmoja, hata mama yangu, ambaye mikono yake ina sugu za jembe hilo hilo. Jastini alinitazama kama mtu aliyevutiwa kiti wakati anakaa. Akasema yeye alifuata kilichosomwa. Ilikuwa kweli. Aliongeza kwamba watoto wake watano hawali mistari ya karatasi. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Watu waliondoka bila kufunga mkutano. Bendera na mhuri vilibaki mezani hadi Mama Hedwiga alipoviingiza ndani, isije mvua ikaviharibu, alisema, kwani ni mali ya watu.

Jua lilipokuwa linashuka nilipanda mahali penye mtandao nikampigia Mzee Florian. Aliniuliza kama nimewapata. Nikamwambia nimewapata, ni wanawake, karibu wote, na mwenyekiti ni wa kwanza wao. Akasema nimfute. Nikamwambia sitamfuta, kipengele cha saba ndicho cha kufutwa, na katika mkutano wa wilaya nitasimama niseme nani aliyekiandika na kwa nini ni kosa. Akasema mimi ni mtoto, kwamba kipengele kilipitishwa na ukumbi mzima. Nikamwomba aukumbuke ukumbi ule na aniambie ni wanawake wangapi aliowaona zaidi ya waliokuwa wakigawa chai. Kisha akasema sauti yangu inakatakata, ingawa haikuwa inakatakata, na akakata simu.

Nilikaa pale hadi baridi ikaniingia. Tangu matokeo yatoke tulikuwa tumezungumza juu ya kujenga upya: kamati mpya, kadi mpya, wimbo mpya. Chama chetu kinataka kuhifadhi mambo ya zamani, na katika hayo yote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeuliza ni mikono ya nani imeyahifadhi hadi leo. Tulikuwa tunatafuta watu wa kutoa. Na kama Mzee Florian angeshinda, wa kwanza kutolewa angekuwa yule aliyekuwa na kadi ya kwanza. Sikujua kama ningeweza kumzuia. Kuhusu lile shamba nilijua siwezi kufanya lolote.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili. Niliamka nikitegemea kusikia kengele ya misa ya kwanza, nikasikia kitu kingine: nyengo ikifyeka. Nilitoka nikiwa nimebeba viatu mkononi.

Mama Hedwiga alikuwa juu ya mteremko wake. Alikuwa ameondoa nyasi zote zilizokivuka kile kijia cha Erasmo, amezirundika upande wa Jastini kwa adabu, bila kuzitupa. Kijia kilionekana tena, chembamba, chekundu, kimelowa umande. Upande wake alikuwa anafyeka magugu na kulaza mistari mipya, kazi ambayo sijawahi kumwona mwanamke akiifanya mlimani kwetu. Mistari yake ilikuwa imepinda kidogo. Alirudi nyuma, akaitazama, akaivuta ikanyooka.

Nyuma yake wanawake walikuwa wanachimba. Walikuwa kumi na zaidi, Kalista akiwa ameketi ukingoni na kibuyu cha togwa, akiwaelekeza kwa kidole. Wengine walikuwa wamejifunga zile khanga za bluu za kampeni, za Nguzo. Hakuna aliyekuwa akiimba. Kilichosikika ni majembe tu, na kengele ilipolia kanisani wote walisimama, wakafanya ishara ya msalaba, wakaendelea.

Jastini alikuwa amesimama ndani ya kahawa yake, nyengo begani, anawatazama. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Mama Hedwiga alimwona, akainama kumwamkia shemeji yake kama kila asubuhi, na Jastini akaitika, lakini hakusogea.

Mlango wa nyumba ya Jastini ukafunguliwa. Gaudiosa alitoka na jembe. Alipita karibu sana na mumewe hivi kwamba khanga yake iligusa goti lake. Jastini aligeuza kichwa, mdomo ukafunguka. Hakumwita. Gaudiosa aliruka rundo la nyasi, akavuka kijia, akachagua chumba kimoja katikati ya mistari ya Hedwiga, akaanza kuchimba.